Mbio za magari ya saluni: nani aliziua, na zikirudi zitarudi vipi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Niko Kisasa, Dodoma. Kijiweni kwetu tunafuatilia mbio za magari kwa simu, na wiki nzima tumebishana juu ya mbio za magari ya saluni, zile za BTCC ya Uingereza, DTM ya Ujerumani na nyinginezo. Mmoja wetu anasema zimekufa kwa sababu dunia imehamia SUV, yale magari ya juu kama Harrier, na magari ya umeme. Wa pili anasema zimeuawa na viwanda vyenyewe. Mimi nasema hazijafa, zitarudi. Nani yuko sahihi? Na je, huku kwetu zinaweza kuwepo siku moja, au sisi ni watu wa rali tu? Mdogo wangu ana Altezza, anataka kuiandaa kwa mashindano. Aanzie wapi?"

Jibu:

Marahaba, kijana wangu. Nitoe hukumu kwanza, najua mnaisubiri. Mwenzenu wa pili ndiye mwenye haki. Wewe una nusu yake. Yule wa SUV na umeme ameona kitu cha kweli, ila kimekuja mwishoni na yeye amekifanya chanzo. Mbio hizi zilianza kuugua katikati ya miaka ya 1990, wakati ambapo ukitafuta gari la juu hapa Dodoma unapata Land Rover za serikali na za misheni, na gari la umeme hakuna hata aliyeliota.

Kwa wasomaji ambao hawazijui, tuelewane kwanza. Gari la saluni kwenye mbio hizi ni gari la familia, lenye buti na siti ya nyuma ya watoto. Linavuliwa viti na mazulia, linafungwa kizimba cha mabomba ndani, linashushwa chini, linapewa tairi na breki za kazi, kisha linaingizwa kwenye saketi ya lami kugombania kona na wenzake ishirini, wakigusana bampa. Formula 1 hakuna mtu aliyewahi kuiona imeegeshwa soko la Majengo. Utamu wa saluni ni kwamba lile linaloshinda Jumapili ni la jirani yako, angalau kwa sura. Shika hilo neno, "la jirani yako". Jibu langu lote linasimama hapo.

Ubingwa wa Uingereza ulianza 1958, na jina la BTCC likaja 1987. Wajerumani walianza wa kwao 1984, ndio uliokuja kuitwa DTM. Lakini kilichotupagawisha watu wa rika langu ni miaka ya 1990. Mwaka 1990 Waingereza walileta kanuni fupi kabisa: injini ya lita 2, isiyo na turbo (ile pampu ya kuisukumia injini hewa), mizunguko isizidi 8,500 kwa dakika, na bodi ya gari linalouzwa kwa wingi. Kanuni hizo ndizo zilizozaa kile kilichoitwa Super Touring, na 1993 FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wakazichukua zikaenea nchi nyingi. Viwanda vikamiminika: BMW, Ford, Vauxhall, Toyota, Nissan, Renault, Volvo, Peugeot, Honda, Audi. Mwaka 1994 Volvo walipeleka 850 steshenwageni, gari la kubebea mbwa na mizigo, likapanga mstari na wengine kama mchezo vile. Baadaye wakaja na S40, na 1998 Rickard Rydell akawa bingwa nayo.

Japani nao walichukua kanuni hizo hizo kuanzia 1994, na hapo ndipo hadithi inapotugusa sisi. Mwezi uliopita niliinua Toyota Chaser GX100 hapa gereji, nabadilisha bushi za mbele. Mwenyewe anapanda nalo Kondoa kila wiki na kurudi na alizeti, springi za nyuma zimelala kabisa. Nikiwa chini ya gari nikamwambia kijana wangu wa kazi: bodi hii unayoishika imewahi kugombania ubingwa wa Japani, 1997 na 1998. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha kwenye simu. Toyota walitoa injini ya silinda sita, wakaweka 3S-GE ya silinda nne, lita 2. Kwenye magari ya daraja lile injini ilisukumwa nyuma na chini kadiri chumba kilivyoruhusu, na siti ya dereva ikarudishwa nyuma mpaka mlango wa mbele ukawa kama dirisha la abiria, ili uzito ukae katikati ya gari. Kijana alitazama, akarudisha macho kwenye ile bushi iliyopasuka, akaniuliza: kwa hiyo hili gari ni bingwa? Nikamwambia ndiyo. Masanori Sekiya, Mjapani wa kwanza kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, alichukua ubingwa wa 1998 kwa Chaser.

Sasa nikwambie kilichofuata, uone kwa nini nampa haki mwenzenu wa pili. Nissan na Honda walikuwa wameshaondoka baada ya msimu wa 1997. Ule ubingwa wa 1998 Toyota waliupigania kama kiwanda peke yao, na mwaka uliofuata mashindano hayakuwepo tena. Hapakuwa na SUV iliyoyaua, wala betri.

Kule Uingereza ugonjwa ulikuwa huo huo, ila ulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1994 Alfa Romeo walikuja na 155 yenye bawa la nyuma na mdomo wa mbele wa kukata upepo. Kanuni ilisema vifaa vya bodi lazima viwe vya gari linalouzwa, basi Alfa wakauza gari lenye vifaa hivyo na wakahesabiwa wako ndani ya kanuni. Wengine wakalalamika, kukawa na mvutano mkubwa kwenye saketi ya Oulton Park hadi Alfa wakafungasha wakaondoka, kisha wakarudi, na Gabriele Tarquini akachukua ubingwa. Mwaka uliofuata mabawa yakaruhusiwa kwa wote. Watu wengi huikumbuka habari hii kama kioja tu. Mimi naiona kama siku mlango ulipofunguliwa. Ukisharuhusu bawa, umeruhusu handaki la upepo la kulipimia, wahandisi wa kulichora, na kompyuta za kuwasaidia. Renault ikaendeshwa na kampuni ya Williams, hao hao wa Formula 1. Ford ikapewa Prodrive, waliokuwa wakiandaa Subaru za rali ya dunia. Fundi wa kawaida aliyenunua gari lake na kulipeleka kwa trela mwisho wa wiki akawa msindikizaji. Mwaka 2000 Ford walitwaa ubingwa kwa Mondeo ya Alain Menu, kwa mamilioni ya pauni, na kufikia hapo viwanda vilikuwa vimebaki vitatu tu: Ford, Honda na Vauxhall. Msimu wa 2001 kanuni zile zikatupwa, wakaanza upya na magari ya bei nafuu.

Ujerumani ndiko walikoenda mbali kupita wote. Magari ya DTM ya 1996 yalikuwa na jina la Opel Calibra na Alfa 155, lakini ndani yake kulikuwa na V6 za kupiga mizunguko zaidi ya 11,000, na Opel na Alfa walikuwa wakivuta kwa magurudumu yote manne, na mitambo ya kielektroniki ambayo hata Formula 1 ilikuwa imekatazwa. Mwaka huo wakayapa mashindano jina la kimataifa, wakayapeleka mpaka Interlagos, Brazili, na Suzuka, Japani. Gharama ikapaa, watazamaji wa nyumbani Ujerumani wakajiona wametelekezwa, na msimu ulipoisha Opel na Alfa wakasema basi. Mercedes hawakuwa na wa kushindana naye. Yakafa siku hiyo hiyo.

Yalifufuka 2000, yakavuma miaka mingi, kisha kisa kikajirudia: Mercedes wakaondoka mwisho wa 2018, Audi mwisho wa 2020. Tangu 2021 DTM inatumia magari ya GT3, yaani Ferrari, Lamborghini, Porsche na wenzao. Ni mbio nzuri, nazitazama. Ila si saluni tena. Jina limebaki mlangoni, mwenye nyumba amebadilika.

Ubingwa wa dunia nao? Ulijaribiwa 1987, ukarudi 2005. Mashabiki wa rali kama ninyi mtamkumbuka Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali mara tisa, alipohamia huko 2014 na timu ya Citroën. Kanuni mpya za mwaka huo ziliruhusu magari mapana na yenye nguvu zaidi, Citroën wakaja na fedha na wataalamu, na José María López wa Argentina akachukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2014, 2015 na 2016. Gari likawa zuri mno kiasi kwamba mwenye mfuko mdogo hakuona sababu ya kuendelea. Kiwanda kikaondoka, kanuni zile zikadumu msimu mmoja zaidi, kwisha.

Unaona mtiririko? Japani, Uingereza, Ujerumani, dunia nzima. Kiwanda kinakuja kwa ajili ya matangazo, kinapandisha bei ya kushinda, wenye magari yao binafsi wanasukumwa nje, halafu kikao kimoja cha wakurugenzi kinaamua fedha ziende kwingine, na uwanjani hakuna aliyebaki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ninyi wa Dodoma mmeshaona timu ya mtaa inayobebwa na mfadhili mmoja: akikasirika, hata mipira haipo.

Nirudi kwa mwenzenu wa kwanza, nisimdhulumu. Ni kweli magari yenyewe yanatoweka madukani. Ford waliacha kutengeneza Mondeo kwa soko la Ulaya 2022, na Focus ikafuata 2025. Ukiendesha mbio za magari ya saluni na saluni zenyewe haziuzwi, unaendesha mbio za kumbukumbu. Lakini hili lina dawa, na dawa hiyo imeshaanza kunywewa. Brazili, kwenye ubingwa wao mkubwa wa Stock Car, wameachana na saluni tangu msimu wa 2025 na kuingiza SUV: Chevrolet Tracker, Toyota Corolla Cross, Mitsubishi Eclipse Cross. Wazee wengi walikunja uso. Mimi nilifurahi. Kaa Nyerere Square saa kumi na moja jioni ofisi zinapotoka, hesabu kinachopita: IST, Crown, kisha Harrier, Vanguard, Harrier, Prado, Harrier tena. Gari la jirani yako leo ni Harrier. Kama kanuni ya mchezo huu ni gari la jirani, basi Wabrazili wameitii kanuni kuliko wanaolilia saluni za zamani kama Vectra.

Kuhusu umeme, tazama kilichotokea, usisikilize kilichotabiriwa. Mbio za saluni za umeme za kimataifa, ETCR, zilianza 2021, zikapata hadhi ya FIA 2022, na hazikufika 2023. Waingereza waliingiza haibridi, yaani injini ya mafuta ikisaidiwa na umeme, kwenye BTCC 2022, wakaitoa baada ya msimu wa 2024, na 2025 wakahamia mafuta yasiyotokana na visima. Skandinavia ndio waliogeukia umeme mtupu kwenye ubingwa wao wa saluni, kuanzia 2024. Umeme haukuua mbio hizi. Umeme wenyewe umehangaika kuingia, kwa sababu ambazo fundi yeyote anaziona: betri ni nzito, tairi na breki zinalia, na siku ya mashindano ya saluni ina mbio mbili au tatu, kwa hiyo kila timu inahitaji kuchaji haraka kwa pamoja kwenye uwanja mmoja. Siku betri ikiwa nyepesi na nafuu mtaona mambo mengine. Kwa leo, huyo si mshtakiwa.

Sasa nusu yako wewe, kwamba zitarudi.

Zimesharudi, ila si kwa sura unayoitamani. Unayoitamani, naamini, ni ile ya viwanda kumi vinavyopigana, na hiyo usiisubiri. Iliyorudi ni ya wenye magari. Waingereza 2011 walileta kanuni waliyoiita NGTC. Mantiki yake ni ya gereji kabisa: vile vitu vinavyokula fedha lakini mtazamaji havioni, vifanane kwa wote. Giaboksi moja kwa kila mtu, fremu za mbele na nyuma za kubebea suspensheni zinatoka kwa mtengenezaji mmoja, turbo imewekewa mipaka, na timu isiyo na injini yake inakodi ile ya waandaaji. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua bodi ya gari ambalo kiwanda hakijali kabisa kama linakimbia, akalijenga na kushinda. Mshindi anabebeshwa adhabu ya mbio inayofuata, zamani kwa kilo za madini ya risasi ndani ya gari, baadaye kwa kupunguziwa msaada wa nguvu. Mbio tatu kwa siku, runinga ya bure. Katikati ya miaka ya 2010 walikuwa na zaidi ya magari 30 kwenye mstari. Siku hizi wamepungua hadi karibu ishirini, na hilo linaniuma, lakini wapo, na hawategemei barua ya kiwanda chochote.

Njia ya pili ni TCR. Marcello Lotti, Mwitaliano aliyekuwa akiendesha ubingwa wa dunia, aliibuni 2014 na mbio zikaanza 2015. Kiwanda kinajenga gari la mbio kutokana na gari la dukani, turbo ya lita 2, kuvuta kwa magurudumu ya mbele, nguvu za farasi karibu 350, na kuliuza kwa yeyote mwenye fedha. Timu ya kiwanda yenyewe hairuhusiwi kushindana. Gari moja linaweza kukimbia Ureno mwaka huu, mwakani likauzwa Australia likaendelea. Ili Hyundai, Honda, Audi na Lynk & Co ya Wachina vilingane, waandaaji wanapima kila gari kisha wanaongeza kilo, wanainua bodi kutoka ardhini, au wanapunguza nguvu kwa lile lililo mbele.

Hapa mashabiki wamegawanyika vikali, na nadhani hata kijiweni kwenu. Wapo wanaosema kusawazisha ni kuua ufundi: mhandisi aliyekesha anaadhibiwa, mvivu anasaidiwa. Mimi ni fundi na maneno hayo yananichoma, maana ni kweli. Hata hivyo nimeangalia upande wa pili wa hesabu. Bila kusawazisha, anayeshinda ni mwenye fedha nyingi, na akishashinda miaka mitatu anaondoka na mchezo. Kati ya ufundi uliobanwa na uwanja mtupu, nachagua ufundi uliobanwa. Ninachokikataa ni kusawazisha kwa siri au kwa kumpendelea mtu, na TCR hapo wamewahi kulaumiwa, hasa enzi za WTCR, kombe la dunia la magari ya TCR, ambapo viwanda viliingia kwa mlango wa nyuma kupitia timu za wateja. WTCR yenyewe iliisha 2022. Kilichoendelea kuanzia 2023 ni ziara ya dunia inayopita kwenye mashindano ya nchi na kanda, ikigharimu kidogo zaidi, na hii naiamini kuliko ubingwa wenye jina kubwa.

Afrika haikuwa nje ya haya yote, mjue. Marrakech iliandaa raundi ya ubingwa wa dunia wa saluni kwa mara ya kwanza 2009, kwenye mitaa ya mji, na Mehdi Bennani wa huko huko Moroko alishinda mbio Shanghai 2014 akiwa na timu ya binafsi. Afrika Kusini wana saketi ya Kyalami na mila ndefu ya mbio za saluni.

Na sisi? Rali ndiyo damu yetu, na sioni aibu hapo. Lakini usiseme saluni si zetu. Safari Rally ilipoanza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, washindani walileta magari ya kawaida ya kuendea kazini. Na sikiliza hili kwa makini: miaka ya mwanzo magari yaligawanywa madaraja kwa bei ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Mwenye gari la bei ndogo alishindana na wa bei ndogo mwenzake. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wenu walilipanda kama teksi. Kwa hiyo wazo ambalo Ulaya walilifikia baada ya kuzika mashindano manne, kwamba bei ndiyo iwe kanuni, lilikuwa likitumika kwenye vumbi letu zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Ndiyo maana nikiulizwa Dodoma ianzie wapi, sisemi saketi. Kila mtu akija hapa gereji anaanza na saketi: tungepata ardhi, tungepata mwekezaji. Saketi ya lami ni fedha nyingi, na ikijengwa kabla ya kuwepo magari itaota nyasi. Ningeanza na karatasi moja ya kanuni. Gari la injini isiyozidi lita 2 isiyo na turbo, tairi za barabarani za aina moja kwa wote, kizimba na mkanda vya lazima, na bei ya juu kabisa ya gari zima. Kisha kipengele kimoja ambacho Wamarekani wamekitumia sana kwenye mbio ndogo: baada ya mbio, mshindani yeyote ana haki ya kununua injini ya mshindi kwa bei iliyoandikwa kwenye kanuni. Ukimwaga milioni ishirini ndani ya injini ambayo kesho mwenzako anaruhusiwa kuichukua kwa milioni nne, utazimwaga? Kipengele hicho kinafanya kazi ya wakaguzi kumi.

Uwanja wa kuanzia unaweza kuwa eneo lolote la lami pana lililofungwa kwa kibali, koni zimepangwa, gari moja moja linapimwa kwa saa. Hakuna kugusana, bima inashuka, ambulansi moja na zimamoto wanatosha. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho kinachotambuliwa na FIA, kwa hiyo leseni na vibali vipite huko kuanzia siku ya kwanza, msije mkajenga kitu kikavunjwa. Turbo naikataa kwenye kanuni zangu kwa sababu moja ya ziada ya hapa hapa: Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na yenye turbo inapoteza kidogo sana. Ukiwachanganya, umeshaamua mshindi.

Na kitu kimoja nakisema kwa uchungu. Barabara ya mzunguko na zile pana za kwenda Mtumba si uwanja. Nimeshapokea hapa magari mawili yaliyotoka usiku huko, na moja sikutaka kulitengeneza. Mkinipenda, msiende.

Nimalizie na Altezza ya mdogo wako. Fungua boneti kwanza. Ikiwa ni RS200, injini ni 3S-GE, ukoo ule ule uliokimbia Japani ndani ya Chaser, na ina nguvu za kutosha kwa miaka mitano ya kujifunza. Ikiwa ni AS200, ni 1G ya silinda sita, mpole zaidi, na bado inafaa. Vyovyote iwavyo injini asiiguse. Asinunue ekzozi, asinunue bawa.

Aanze na breki: oili mpya ya DOT 4, maana ya zamani imenyonya maji na inachemka kwenye kona ya kumi, pedali inazama mpaka chini. Pedi za kazi ngumu na bomba za breki zilizosukwa kwa waya. Kisha tairi nne mpya za aina moja, tarehe yake aisome ubavuni. Kisha bushi na shokapu. Kisha siti na mkanda wa pointi nne au zaidi, helmeti yenye alama ya FIA, na mtungi wa kuzimia moto uliofungwa kwa boliti, usiwekwe chini ya siti kama chupa ya maji.

Kizimba kiwe cha mwisho, na hapo asifanye haraka. Mwaka juzi kijana aliniletea gari nilikague kabla ya rali. Kizimba kimepakwa rangi nyekundu ya kupendeza, maungio yamesagwa laini kama kioo. Ulaini ule ndio ulionitia wasiwasi, kwa sababu ukisaga weldingi mpaka ilale umeondoa chuma kinachoshika. Nikatoboa tundu dogo kwenye nguzo kuu nyuma ya kichwa cha dereva, nikaingiza kipimo. Unene wa bomba haukufika milimita moja na nusu. Lilikuwa bomba la kutengenezea geti. FIA wanataka nguzo ile iwe ya bomba lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2. Kijana alikuwa amelipa fedha nzuri kwa fundi aliyemwamini, na hakukimbia rali ile. Mwambie mdogo wako aombe kuona bomba kabla halijakatwa, apime mwenyewe unene wake kwa kipimo, ndipo atoe malipo ya awali. Akishafika hapo aje nalo gereji kwangu Nkuhungu, nitalikagua bure.